Siku yangu moja kama mheshimiwa wa dola 100 kwa mwaka

Saa 1 asubuhi. Nimetoka shifti ya usiku, nafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa New Hampshire, Marekani. Suti imening'inia siti ya nyuma, navalia humo humo ndani ya gari maana leo ni siku ya kikao na nikipitia nyumbani kitanda kitanishinda.

Sasa kabla hamjaja inbox kuomba hela ngoja nieleze. Ndiyo, mimi ni mbunge, ila wa bunge la jimbo, sio lile la Washington. Na mshahara wetu ni dola 100 kwa mwaka. Sijasahau sifuri. Katiba ya jimbo iliweka hivyo mwaka 1889, dola 200 kwa muhula wa miaka 2, na mpaka leo ni hivyo hivyo, ukiacha hela ya mafuta ya kwenda na kurudi. Baraza letu lina watu 400 halafu jimbo zima ni watu kama milioni 1.4, yaani kwa wastani kila mmoja wetu ana watu 3,500 hivi, mtaa tu huo, wanakukuta supamaketi umeshika mayai wanakuuliza habari za kodi. Ofisi huna, msaidizi huna, simu unapokea mwenyewe. Ndo maana mle ndani wastaafu wamejaa, mwenye watoto na kodi ya nyumba anafanyaje?

Saa 3. Concord, makao makuu. Jengo letu ni la mwaka 1819 na bado tunakaa kwenye ukumbi ule ule wa mwanzo. Kwanza chama kinakutana kuhesabu kura, mimi nahesabu kahawa, hii ni ya tatu.

Saa 4. Kikao. Inaanza ile miswada isiyo na ubishi, inapita rundo zima kwa mpigo mmoja. Kitu ninachokipenda hapa, na hiki nakisema kwa moyo, ni kwamba kila mswada lazima usikilizwe mbele ya wananchi na lazima uje kupigiwa kura ukumbini, mwenyekiti hawezi kuukalia kwenye droo. Mwananchi yeyote anakuja, anajaza kadi ya rangi ya pinki, anaongea. Tatizo ni kwamba miswada inakuwa mingi mpaka macho yanauma, na sasa hivi ni Machi, tunakimbizana na tarehe ya mwisho ya kuivusha kwenda Seneti yenye watu 24.

Saa 6 na nusu mchana, mapumziko. Shangazi anapiga kutoka Muheza, kwao saa moja na nusu usiku. "Mheshimiwa wangu! Yale mabati vipi?" Nikamwambia shangazi, mimi huku nalipwa dola mia kwa mwaka. Kimya. Halafu akasema, "Kwa siku?" Nikasema kwa mwaka shangazi. Akacheka akasema siku hizi nimejifunza ubahili wa kizungu. Mabati nitatuma, ila hela inatoka kwenye kuogesha wazee, sio bungeni.

Saa 8. Mswada wangu. Unahusu manesi waliosomea nje wapunguziwe mlolongo wa kupata leseni, nina wenzangu kazini waliokuwa manesi kamili kwao na hapa wanabadilisha mashuka. Kamati ilishapendekeza kwamba haufai kutungiwa sheria. Nikasimama nikaongea, sauti imekauka kwa kukesha, mzee wa siti ya jirani akanisogezea pipi. Kengele, vitufe, nusu dakika imeisha. Kinachopigiwa kura ni lile pendekezo la kamati, kwa hiyo kijani maana yake mswada ufe. Ubaoni taa za kijani tupu, chama changu mwenyewe wengine wamenikimbia. Imeuma jamani, siwadanganyi.

Saa 12 jioni nyumbani, ugali, nikalala masaa matatu.

Saa 5 usiku nipo kazini tena. Kuna bibi mmoja hapa ana miaka zaidi ya tisini na ni mpiga kura wangu, anaangalia vikao kwenye tableti. Namgeuza nimpake mafuta mgongoni akaniambia, "Leo umeongea haraka mno, hata mimi ningebonyeza kijani." Halafu akadai maji ya moto, sio ya vuguvugu kama ya jana.