Simu ya Saa Tisa Usiku

Mwezi Agosti mwaka 2022 nilikuwa nimetimiza miaka minne nikiwa msimamizi wa safari katika kampuni moja ya utalii hapa Arusha, na kwa miaka miwili ya mwisho simu ya dharura ilikuwa mikononi mwangu. Namba yake ilichapishwa chini ya kila ratiba waliyopewa madereva, na usiku niliilaza karibu na mto wangu, mlio ukiwa juu kabisa. Hakuna aliyeniamuru kuishika peke yangu. Nilianza kwa kuwa hapakuwa na mwingine, nikaizoea, na hatimaye nikawa naona fahari kusikia dereva akimwambia mwenzake kwamba dada huyu huwa halali usiku.

Kukosekana kwa mwingine kulikuwa na chanzo chake. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5 kutoka nje. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga za dunia, idadi hiyo ikaanguka hadi kama 620,000, na ofisi yetu, sawa na nyingine nyingi mjini, ikapunguza watu. Mwaka 2022 wageni walirudi hadi kuvuka milioni 1.4, lakini wenzetu waliopunguzwa hawakurudi wote, kwa maana wapo waliokwisha kufungua maduka na wapo waliokwisha kurejea shambani. Kazi ya watu watano tukaifanya wawili. Kuanzia Julai, nyumbu wanapovuka Mto Mara kaskazini mwa Serengeti na kila mgeni akitaka kuwa pale siku hiyo hiyo, ubao mweupe uliokuwa ukutani kwetu ulijaa majina, magari na saa za ndege hadi ikabidi tuandike pembezoni kwa herufi ndogo.

Mwili ulikwisha kunipa taarifa, nami sikuisoma. Mama alinipigia kutoka Moshi nikaiacha simu iite hadi ikakatika, kwa sababu mlio wa simu yoyote ulikuwa ukinikaza tumbo. Lakini linaloniuma hadi leo ni jingine. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, alisimama mbele ya meza yangu akilia kwa kuwa begi lenye dawa za mumewe lilikuwa halijafika, nami nikamtazama nikiwa sisikii lolote moyoni isipokuwa hamu ya kumwona ameondoka. Niliingia kazi hii kwa sababu napenda watu.

Usiku wenyewe siukumbuki, na hiyo ndiyo habari ninayoisimulia. Asubuhi niliamka, nikaoga, nikaenda ofisini kama kawaida. Jioni ya siku iliyofuata akaingia dereva wetu mkongwe, ambaye sote tulimwita Babu ingawa hakuwa amefika miaka sitini, vumbi la Serengeti likiwa bado kwenye kope zake. Nilimwamkia, akaitikia, kisha badala ya kuniachia funguo na karatasi za gari akavuta kiti na kufunga mlango.

"Mwanangu, unakumbuka ulichoniambia juzi usiku?"

Nilimjibu kwamba hatukuzungumza. Akatoa simu yake, akaiweka mezani, akaisukuma taratibu hadi mbele yangu. Saa 9 na dakika 11 usiku alikuwa amenipigia, na tulikuwa tumeongea kwa dakika nne. Nilifungua simu ya dharura nikitumaini kukuta tofauti. Ilikuwa pale pale, saa ile ile, na baada yake simu tatu nyingine kutoka kwake ambazo sikuzipokea.

Akanieleza polepole. Difu ya gari lake ilikuwa imevunjika jioni, fundi wa Seronera, katikati ya Serengeti, akahangaika nayo hadi usiku wa manane, na alipotoka chini ya gari akasema haitengenezeki bila kipuri kutoka mjini. Babu alikuwa na wageni wanne wa kuwahi ndege Uwanja wa Kilimanjaro usiku uliofuata, zaidi ya kilomita 300 kutoka pale. Nami, kwa sauti aliyosema ilikuwa tulivu kabisa, nilimwelekeza atafute usafiri wa kuwapeleka lango la Ndabaka, ambako gari la Mwanza lingewapokea. Ndabaka iko magharibi, upande wa Ziwa Victoria; uwanja wao uko mashariki. Nilikuwa nimewachanganya na kundi jingine lililokuwa linamalizia safari Mwanza.

"Nikasema labda mipango imebadilika," alisema. "Nikaitazama tena ratiba. Nikakupigia, hukupokea. Nikajua aliyeongea na mimi alikuwa usingizini."

Alikwenda kambi kwa kambi na tochi hadi akampata dereva wa kampuni nyingine aliyekuwa anarudi Arusha na gari tupu. Alfajiri wakatoka, wakapita Ngorongoro kabla lango lake la kutokea, Loduare, halijafungwa saa 12 jioni, na wageni wakawahi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu Ndabaka.

Kisha akanyoosha mkono, kiganja kikiwa juu. "Nipe hiyo simu, binti yangu."

Nilikasirika. Nilimwambia hajui uzito wa kazi hii, na kwamba hakuna atakayeiweza. Hakubishana nami, alikaa na mkono wake ukiwa wazi hadi nikaishiwa maneno, nikaiweka mkononi mwake. Tukaenda pamoja kwa mkurugenzi, ambaye alifungua jalada langu na kukuta siku za likizo za miaka zimelala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka, na saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Mimi ndiye niliyeandaa mikataba ya madereva yenye vifungu hivyo.

Niliondoka Septemba, msimu ukiwa katikati. Daktari niliyemwona Moshi aliniambia kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa namna hii kuwa si ugonjwa bali hali inayoletwa na msongo wa kazini wa muda mrefu, ukiwa na dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuitenga au kuichukia kazi moyoni, na kushuka kwa ufanisi. Alipofika kwenye ya pili nikamkumbuka yule mama na begi lake, nikalia. Kwa karibu wiki mbili niliendelea kuamka saa 9 usiku na kupapasa kitandani.

Niliporudi simu ilikuwa ya zamu, watu watatu, pamoja na daftari la kuandika kila kilichotokea usiku. Nilijiandikisha kama wengine, na kwa kweli ilinichukua miezi kuacha kuwapigia wenzangu kuuliza kama kuna tatizo.

Agosti ya mwaka uliofuata nilifika ofisini asubuhi nikafungua daftari. Gari lilikuwa limekwama matopeni saa 8 usiku, na kijana wa zamu alikuwa ameomba trekta la kambi ya jirani. Mimi ningetuma gari letu lililokuwa karibu zaidi. Chini yake alikuwa ameandika: wageni wamelala, dereva yuko salama. Nikalifunga daftari, nikampigia mama.