Beethoven kwa mizani nane

Mara ya kwanza nilipotaka kuwajulisha wanafunzi wangu wa hapa Lamu mtunzi Ludwig van Beethoven, nilileta darasani spika ndogo na rekodi ya Simfoni ya Tisa, utungo wake mrefu wa okestra na waimbaji, nikawaeleza kwamba alizaliwa Bonn, Ujerumani, mwaka wa 1770, na haukupita muda nusu ya darasa ikawa inatazama dirishani. Kosa lilikuwa langu, kwani niliwapa jina na tarehe kabla ya kuwapa kitu cha kushika.

Muhula huu nilianza na sauti. Sikutaja jina la mtu; niliimba tu kwa solfa, mi mi fa so, so fa mi re, nao wakaitikia, kwa kuwa kuitikia ni jambo ambalo mtoto wa Lamu hulizoea mapema katika kasida za Maulidi. Mahadhi hayo, yajulikanayo kama Wimbo wa Furaha na yanayotoka katika sehemu ya mwisho ya simfoni, karibu yote hupanda na kushuka ngazi moja moja, na Beethoven aliyaanzisha kwa fidla kubwa za sauti nzito peke yake, kwa upole, kabla ya ala nyingine kujiunga. Nasi tukafanya vivyo hivyo: safu ya nyuma ilianza kuvumisha midomo ikiwa imefungwa, kisha safu nyingine zikaingia moja baada ya nyingine.

Msichana mmoja alikuwa akihesabu noti kwa vidole. "Mwalimu," akasema, "mstari wa kwanza una mizani nane kama utenzi, lakini wa pili una saba." Alikuwa sahihi kabisa, na sababu yake ni kwamba shairi la Friedrich Schiller lililotiwa mahadhi haya hupokezana mistari ya silabi 8 na 7. Mstari wa pili huishia kwa re ndefu. Tukaikata re hiyo vipande viwili, mizani ikatimia, nao wakaanza kutunga maneno yao:

Bahari imetulia,
jahazi linaingia.

Hapo ndipo nilipowatajia mwenye mahadhi, na kwamba simfoni hii ilipoimbwa mara ya kwanza mjini Vienna, tarehe 7 Mei 1824, yeye alikwisha kuwa kiziwi, hata inasimuliwa kwamba mwimbaji Caroline Unger alilazimika kumgeuza awaone watu wakimshangilia. Darasa lilinyamaza. Kisha mvulana mmoja akauliza, "Kama hasikii, alijuaje kwamba wimbo umekaa sawa?"

Nilimwambia kwamba mtunzi huusikia wimbo ndani yake kabla haujatoka. Hakuridhika. Aliziba masikio kwa viganja, akauimba mstari wa kwanza hadi mwisho, akasema ameusikia kifuani. Wenzake wote nao wakaziba masikio, ikabidi niwaanzishe kwa ishara ya mkono.