Nani ameona, wapi, saa ngapi? Kundi la avenyu yetu wakati Nyiragongo ilipolipuka

Kundi letu la WhatsApp tulilianzisha mwaka 2019 kwa mambo ya kawaida ya ujirani: salongo (usafi wa pamoja wa mtaa), takataka, michango ya matanga, mbuzi wa fulani aliyekula mboga za fulani. Nyumba 41 za avenyu moja ya kata ya Mabanga Sud, hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Mzee wa nyumba kumi alinipa usimamizi kwa sababu nafundisha kemia sekondari. Alisema, "Mwalimu, wewe umezoea kunyamazisha watoto, utatunyamazisha na sisi." Hakujua maneno yake yangetimia kiasi gani.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, kama saa moja jioni, mbingu ya kaskazini, upande wa volkano ya Nyiragongo, iligeuka nyekundu. Sisi tuliokuwapo tarehe 17 Januari 2002 hatukuhitaji maelezo. Mwaka ule lava ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, nami nilimbeba mdogo wangu mgongoni hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Wakati ule karibu hakuna aliyekuwa na simu. Ulimwuliza mtu uliyekutana naye njiani, ukamtazama usoni, ukaamua. Mwaka 2021 kila mtu alikuwa na simu mkononi, na kwa saa mbili za kwanza nilishuhudia jinsi simu hiyo ilivyotuzidishia woga.

Picha za lava barabarani katikati ya mji zilifika kabla lava yenyewe haijafika popote karibu nasi. Ikaja sauti ya mwanamume anayesema yuko uwanja wa ndege, ndege zinaungua. Ikaja sauti ya mwanamke analia kwamba mpaka umefungwa na watu wanakanyagana. Kila sauti ilivuta kumi nyingine. Watu walitoka nyumbani wakielekea Gisenyi, wakageuka, wakaelekea Sake, upande wa magharibi, wakageuka tena. Watoto walikuwa wanavutwa huku na huku gizani.

Kosa kubwa la usiku ule lilikuwa langu. Kama saa tano usiku mwenzangu wa kazi, mtu ninayemheshimu, alinitumia ujumbe: lava imesimama, wananchi warudi majumbani. Nikautuma kundini bila kumwuliza neno. Juu ya ujumbe ule kulikuwa na mishale miwili, alama ambayo WhatsApp huweka kwenye ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi. Niliiona baadaye. Jirani yangu mmoja, aliyekuwa amefika karibu na mpaka na mkewe na watoto wanne, aliusoma akageuka. Kwa kuwa "imesimama", alimwacha mke na watoto nyumbani, akapanda moto, yaani pikipiki, kwenda Buhene, pembezoni kaskazini mwa mji, kumsaidia shemeji yake kupanga vitu vyake upya. Baada ya saa sita usiku alinipigia. Nyuma ya sauti yake nilisikia mabati yakilia kwa joto.

"Mwalimu, uliandika imesimama. Sasa hii inayokula nyumba ya shemeji ni nini?"

Alitoka salama, na shemeji pia, bila kitu chochote mkononi. Lakini nilikaa chini kwenye ngazi ya nyumba yangu na miguu ikakataa kusimama. Nilimwomba radhi yeye kwanza, kisha nikaandika kundini kwamba ujumbe ule ni wangu na ulikuwa uongo, na kwamba sikuujua kuwa uongo kwa sababu sikuuliza.

Hapo ndipo nilipolifunga kundi. WhatsApp ina mpangilio unaoruhusu wasimamizi peke yao kuandika, nikauwasha. Nikawaongeza wasimamizi wawili: Mama Mapacha, anayeuza samaki Kituku na kujua nusu ya mji kwa majina, na kijana mmoja wa moto, dereva wa pikipiki. Kila mwenye habari atutumie sisi watatu kando, na ajibu maswali matatu: nani ameona kwa macho yake, wapi, saa ngapi? Habari isiyo na majibu yote matatu haiingii, hata ikitoka kwa pasta, hata ikitoka kwa ndugu yangu.

Kazi ikawa kupiga simu. Kuhusu picha za katikati ya mji, nilimpigia mtu ninayemfahamu anayelala karibu na mzunguko wa Signers, katikati ya mji, nikamwomba atoke mlangoni aniambie anaona nini. Akasema, "Naona giza, naona watu wanatembea na magodoro." Hakuna lava. Picha zile zilikuwa za mwaka 2002, mtu amezifufua. Kuhusu ndege zinazoungua, kijana wa moto alikwenda hadi kwenye uzio wa uwanja akarudi: hakuna ndege inayoungua. Saa tisa usiku tuliandika mistari miwili: uwanja wa ndege hauungui, tumeona wenyewe saa nane na nusu, Buhene inaungua, tumeona wenyewe. Asubuhi mji wote uliona kwamba lava ilikuwa imesimama pale Buhene, mita mamia machache tu kutoka uwanja wa ndege, baada ya kula nyumba nyingi sana na kuikata barabara ya Rutshuru.

Jambo jingine lililotusaidia ni chaji. Umeme ulikatika sehemu nyingi, na watu walikuwa wanaua betri kwa kusubiri habari. Tukatangaza kwamba tutaandika mara moja tu, kila saa kamili, hata kama hakuna jipya. Watu wakazima simu, wakaziwasha saa ikifika, wakasoma, wakazima. Mama Mapacha anasema hilo ndilo lililompa usingizi wa kwanza, kujua kwamba kati ya saa moja na nyingine hakuna kitu anachokikosa.

Nataka kusema kidogo juu ya kampuni hizi, kwa sababu nimesikia watu wengi hapa wakisema dawa ni kuzifunga. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton huko Marekani, na mwaka 2014 Facebook ikainunua kwa kama dola bilioni 19. Tangu mwaka 2016 ujumbe wake umefungwa kwa ufunguo wa siri ambao kampuni yenyewe haina. Kwa hiyo hakuna mtu California anayeweza kusikiliza sauti ya Kiswahili ya Goma akasema hii ni uongo. Walichoweza kufanya ni kupunguza mwendo. Mwaka 2018 uvumi ulisababisha watu kuuawa India, wakaanza huko kuzuia mtu asipitishe ujumbe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja. Januari 2019 wakaifanya sheria ya dunia nzima. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukawa unapita kwa mmoja tu kila mara. Ni hatua nzuri. Lakini usiku ule niliona kwamba mtu mwenye hofu ana subira ya kupitisha mmoja, halafu mmoja, halafu mmoja.

Na bado siutaki ule ufunguo uondolewe. Katika mkoa wetu, mtu kujua nani kaandika nini kunaweza kumwua mtu. Wala sitaki intaneti izimwe. Tunakumbuka baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018: kesho yake intaneti ilikatwa nchi nzima, ikakaa hivyo karibu wiki tatu. Sisi wa Goma tulikwenda mpakani na kadi za simu za Rwanda tukichungulia mtandao wa jirani, na uvumi haukupungua hata kidogo. Uliongezeka, kwa sababu hakukuwa na intaneti ya kumwandikia mtu wa Butembo, mji mwingine wa mkoa wetu, umwulize anaona nini. Anayezima na anayepitisha bila kuuliza, wote wawili wananinyang'anya kitu kilekile: uwezo wa kumfikia shahidi.

Kuna jambo la siasa linaloniuma zaidi ya hayo yote. Tuna kituo cha kuchunguza volkano hapahapa mjini, chenye wanasayansi wetu wenyewe. Ufadhili wa Benki ya Dunia ulikwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kabla ya mlipuko kituo kilikosa hata fedha za intaneti ya kupokea vipimo kutoka mitambo ya mlimani. Mimi, mwalimu, nilikuwa na mega za kutosha kuangalia mpira, na watu wanaoulinda mji wa watu wengi hivi hawakuwa nazo. Nikilifikiria hilo nashindwa kukaa.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko usiku wa kwanza. Ardhi ilitetemeka mchana na usiku, kuta zikapasuka. Uvumi ukapata saa: "tetemeko kubwa leo saa saba usiku." Hapo kemia haikunisaidia lakini sayansi ya jumla ilinisaidia. Niliandika kwamba wanasayansi wanaweza kuyafuata matetemeko na kuona lava ya chini inaelekea wapi, lakini hakuna mtu duniani anayeweza kutaja saa ya tetemeko. Kwa hiyo yeyote anayetaja saa, tumjue kwa hilo.

Uvumi wa ziwa ndio uliohitaji maneno mengi. Watu walisema Kivu italipuka na kutuua sote tukiwa tumelala. Sikuweza kuandika "uongo", kwa sababu ndani yake mlikuwa na ukweli. Ziwa lina kilomita za ujazo 300 hivi za kabonidayoksaidi na kama 60 za methani, zimeyeyuka katika maji ya chini. Mwaka 1986 ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno kuliko letu, lilitoa gesi usiku na watu kama 1,700 wakafa.

Nikaanza na kile tunachokijua sote, mazuku. Kila mtoto wa Goma anaambiwa asiingie kwenye shimo fulani asubuhi hakuna upepo, kwa sababu mbuzi huingia wasitoke. Nikawaeleza kwa sauti kwamba gesi ya mazuku ni hiyohiyo kabonidayoksaidi, nzito kuliko hewa, inakaa bondeni kama maji. Ile ya ziwani imefungwa na uzito wa maji ya juu, kama gesi ya sukre (soda) ndani ya chupa yenye kizibo. Ili itoke, lazima kitu kikubwa sana kiyavuruge maji ya chini kabisa hadi yapande. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani mbele ya macho yetu na kizibo hakikufunguka. Nikamaliza hivi: hatari ipo, wanaoipima wapo, saa haijulikani, na tukiambiwa tuondoke tutaondoka bila kubishana.

Tuliambiwa. Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kata 10 kati ya 18 za mji zihame, kwa sababu vipimo vilionyesha lava chini ya mji na chini ya ziwa. Mabanga Sud ilikuwamo. Nililisikia tangazo kwa Kifaransa, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuliweka kwa Kiswahili kwa sauti yangu, majina ya kata moja baada ya nyingine, polepole, mara mbili. Mama yangu hajui Kifaransa. Wanawake wengi wa avenyu yetu hawajui. Sielewi kwa nini habari ya kuokoa maisha ije kwanza katika lugha ambayo mwenye maisha hayo haielewi.

Sisi watatu tuligawana: Mama Mapacha alipanda boti kwenda Bukavu na waliokuwa na ndugu huko, kijana wa moto akaenda Gisenyi, mimi nikatembea hadi Sake na kundi kubwa, barabara imejaa kama mto. Kila jioni kila mmoja alihesabu nyumba zilizo upande wake. Siku ya kwanza tulipata 29. Siku ya pili 38. Mtoto mmoja wa miaka saba alikuwa amepotea njiani, na watu waliniomba nisambaze picha yake kila mahali. Nilikataa kuitoa nje ya kundi, kwa kuwa sikutaka mtu nisiyemjua ajue jina na sura ya mtoto aliye peke yake. Tuliipeleka kwa simu kwa watu tunaowajua njiani, mmoja mmoja. Alipatikana Minova, kwa mama mmoja aliyempa chakula na kusubiri.

Nyumba tatu za mwisho hazikuwa na simu za WhatsApp. Zilikuwa za wazee wenye simu ndogo za tochi, na mmoja, bibi mzee, hakuwa na simu kabisa. Tulidhani tumewapoteza. Kumbe bibi yule hakuondoka. Hakuna aliyemgongea mlango. Alikaa siku nne peke yake katika avenyu tupu.

Ndiyo maana tuliporudi mwezi Juni, kazi ya kwanza haikuwa ya simu. Tulichukua daftari, tukaandika nyumba zote 41: nani anaishi humo, nani hasomi, nani hatembei, simu gani inashika, na jina la jirani mwenye jukumu la kumgongea. Nakala moja iko kwa Mzee wa nyumba kumi, nyingine kwa Mama Mapacha. Tunaipitia kila salongo. Jina la bibi ni la kwanza, na mwenye kumgongea ni mimi.