Mkojo Mweusi, Macho Meupe

Mwaka 2017 nilikuwa klinikali ofisa, yaani tabibu asiye daktari kamili, katika kituo cha afya cha ngazi ya IV mashariki mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Malaba. Huko mtoto akikojoa mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa, jibu huja mdomoni kabla hajapata pa kuketi: malaria imepasua damu. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Watafiti wa Mbale na Soroti wameiandika sana hali hiyo. Chembe nyekundu hupasuka kwa wingi, himoglobini, yaani rangi nyekundu iliyo ndani yake, ikamwagika kwenye mkojo, macho yakageuka manjano, na damu ikashuka hadi mtoto anahitaji kuongezewa usiku huohuo. Nimewahudumia wengi wa namna hiyo. Huyu mvulana wa miaka 7 alikuja na karibu dalili zote za ugonjwa huo, lakini ugonjwa wenyewe hakuwa nao.

Bibi yake alimleta kwa bodaboda, amemkalisha katikati yake na dereva, chupa ya dripu kaishika juu kwa mkono mmoja. Walikuwa wametoka kwenye duka la dawa. Karatasi waliyopewa ilisema kipimo cha haraka cha malaria kimeonyesha vimelea, na kwamba mtoto amepewa sindano ya atesuneti ya malaria, diklofenaki ya kutuliza kichwa, na dripu mbili. Hii ilikuwa ya pili.

"Daktari, wameniambia malaria imeshuka kwa figo," bibi alisema. "Anatakiwa maji mengi, yamsafishe."

Kichwa kilikuwa kimemuuma kwa siku mbili, na alikuwa ametapika. Lakini mwili haukuwa na joto. Nilimfunua macho, nikayakuta meupe kabisa. Viganja vilikuwa na damu ya kutosha, na baadaye himoglobini ilisoma 10. Kope zilikuwa nene, uso umejaa, na bibi akasema amekuwa akiamka hivyo kila asubuhi, kisha jioni uso unapungua. Nilipomlaza chali ili nimpime tumbo, alisukuma mkono wangu na kuinuka mwenyewe. Akiketi alipumua afadhali. Sehemu ya chini ya mapafu, pande zote mbili, nilisikia sauti ya maji.

Nilifunga dripu kabla sijaandika jina lake kwenye daftari.

Kuhusu kile kipimo cha malaria, bibi mwenyewe alinipa ufunguo bila kujua. Mtoto alikuwa ametibiwa malaria wiki tatu zilizopita na akamaliza vidonge vyote. Vipimo vingi vya haraka tunavyotumia hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Mistari miwili kwenye kipimo hicho si lazima iwe malaria ya leo.

Presha ndiyo iliyonitia hofu. Kituo hakikuwa na mkanda wa watoto, tulikuwa na wa watu wazima tu. Mkanda mpana kupita mkono kwa kawaida hushusha kipimo, haukipandishi. Pamoja na hayo nilisoma 150 kwa 100. Mtoto wa umri wake huwa karibu na 100 kwa 60. Ina maana presha yake halisi ilikuwa hiyo au zaidi, na kichwa kile kilichotulizwa kwa diklofenaki (dawa ambayo figo lililoumia halipaswi kuikaribia) kilikuwa kinalalamikia presha. Nadhani hapa ndipo watoto wengi wanapotuponyoka. Tunawapima joto, uzito na mzingo wa mkono, lakini presha tunaiona ni mambo ya wazee. Presha ikimletea degedege, tunaandika malaria ya kichwani na kuendelea.

Nilibeba chupa ya mkojo, ambao bibi alikuwa ameukinga alfajiri, nikaenda maabara. Aliyekuwa zamu ni mama mmoja Mnubi kutoka Bombo, aliyebakiza muda mfupi astaafu. Alikinyanyua kichupa dirishani, akakigeuza, akakirudisha mkononi mwangu.

"Huu sipimi, mwanangu. Umekaa mno. Ninachokitafuta kitakuwa kimeshayeyuka. Niletee mpya, hata kijiko kimoja."

"Mama, kijiti cha kuchovya si kitatosha? Tujue tu kama kuna damu."

"Kijiti kitasema damu, kinyamaze hapo. Chembe zikiwa nzima, damu. Zikiwa zimepasuka, damu. Wewe unataka kujua ipi kati ya hizo mbili."

Kumsubiri mtoto ambaye figo zake zimekaribia kugoma atoe kijiko cha mkojo ni kazi ndefu. Nilikaa naye. Bibi alimsimamisha, akafungua bomba la nje ili asikie maji yakitiririka, akamwimbia polepole. Wakati huo nilimtazama vizuri zaidi. Kati ya vidole, kwenye makalio na mapajani kulikuwa na makovu mapya ya vidonda, mengine bado yana gamba. Upele, bibi alisema. Nyumba nzima walikuwa nao tangu mvua zilipoanza, na wa mvulana ulitunga usaha mwezi uliopita. Hapo picha ilinikamilikia kichwani: bakteria wa vidonda vile, streptokoka, hufanya mwili utengeneze kinga, na wiki tatu hadi sita baadaye kinga hiyohiyo huwasha vichujio vya figo. Lakini picha ya kichwani haitoshi kubadilishia matibabu.

Mkojo ulipopatikana, umeme ulikuwa umekatika. Yule mama hakusema neno. Alitia mkojo kwenye tyubu, akaweka nyingine ya maji upande wa pili ili mashine ikae sawa, akaanza kuzungusha sentrifuji ya mkono ili vizito vizame. Alizungusha muda mrefu, akibadilisha mkono. Alipotoa tyubu akainyanyua tena dirishani, maji ya juu yalikuwa yamepauka, karibu na njano, na chini kabisa kulikuwa na tope la kahawia.

"Ingekuwa himoglobini, huku juu kungebaki kwekundu," alisema. "Hii imezama. Ni chembe nzima."

Akaweka tone la lile tope kwenye kioo, akageuza kioo cha hadubini kikamate jua la dirishani, akasogeza taratibu, kisha akanipisha kiti. Chembe nyekundu zilijaa, nyingi zimepindika na kukunjamana kwa kupenyezwa kwenye kichujio kilichoharibika. Katikati yao alikuwa ameniwekea kile alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo: kasti, yaani chembe za damu zilizogandamana ndani ya mrija mwembamba wa figo na kutoka zikiwa na umbo la mrija huohuo. Damu ya kibofu haiwezi kuwa na umbo hilo. Malaria inayopasua chembe pia haiachi chembe nzima zilizogandamana hivyo. Kasti ile ilisema damu inatoka ndani ya figo, na figo limewaka.

Daktari wa kituo alikuja akatazama, tukakubaliana. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito Tororo, na mashine za kusafisha damu tulizozijua zilikuwa Kampala, zaidi ya kilomita 200. Tulianza palepale. Dripu ilitolewa. Furosemaidi ya kutoa maji mwilini, mg 20, ikaingia mshipani, kwa uzito wake wa kilo 21, kisha nifedipini ya kushusha presha, na sindano ya penisilini ya kummaliza bakteria aliyebaki. Penisilini haiponyi figo, lakini humzuia bakteria asihamie kwa wengine.

Bibi ndiye aliyekuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu kila tulichomwomba kilipingana na upendo wake. Asimpe maji zaidi ya kiasi alichokojoa jana, aongeze kikombe kimoja tu. Ndizi mbivu na juisi ya machungwa alivyoleta shangazi virudi nyumbani, maana figo lisipotoa potasiamu iliyomo, moyo unaweza kusimama. Na chumvi isiguse chakula chake.

"Nitampikia mboga kwa magadi, basi."

"Hapana, bibi. Magadi yana sodiamu ileile ya chumvi. Hata hayo tuyaache kwanza."

Alinyamaza, akatafuta limau.

Saa nne usiku mtoto alijaza chupa ya nusu lita ya maji ya kununua, ambayo ndiyo tuliyoitumia kupimia mkojo. Alfajiri alijaza nyingine. Presha ilishuka hadi 130, siku iliyofuata 118. Kila asubuhi tulimpima uzito, na kila asubuhi ulipungua, hadi alipofika kilo 18 na uso wake ukajulikana. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani.

Tulipomruhusu tulimweleza bibi kwamba mkojo utarudi rangi yake, ila kijiti kinaweza kuendelea kuonyesha damu kidogo kwa miezi, hata mwaka, bila hatari, mradi presha imekaa sawa. Tulimpa dawa ya kupaka ya benzili benzoeti, tukamwagiza watu wote wa nyumbani wapakwe usiku uleule, nguo na mablanketi yafuliwe na kuanikwa juani.

Wiki moja baadaye alirudi naye, akiwa ameongozana na wajukuu wengine wanaojikuna. Yule mama wa maabara alitoka nje na vikopo vya plastiki, akamgawia kila mmoja bila kuulizwa. Msichana wa miaka 5, aliyekuwa akiruka kamba uwanjani, bila uvimbe na bila lalamiko lolote, kijiti chake kilionyesha protini na damu, na presha yake ilikuwa 120. Tulimfungulia faili siku hiyohiyo, na bibi akaambiwa chumvi isubiri tena.