Jino la riali 65

Nimetoka kulipa riali 65 kwa jino moja. Ni laki nne na ushee za kwetu, na kwa hela hiyo Tanga nang'olewa meno mimi na ukoo wote, na nauli ya kurudi Pongwe inabaki. Bima ya kampuni haigusi meno. Nilikuja kuligundua hilo leo, nimeshakaa kwenye kiti, mdomo wazi.

Lakini bili nimeimeza. Kilichoniudhi ni pale mapokezi. Mbele ya dada anayechapa risiti kuna dele la kahawa na sahani ya tende za Khalas, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Daktari ndani kaniambia jino limeliwa na sukari, nipunguze tende. Natoka nje, naambiwa karibu tende. Nikala mbili, upande wa kushoto.

Mimi ni fundi viyoyozi hapa Nizwa, Omani, mwaka wa nne huu. Kiangazi joto likipita 45, simu haipumziki, nyumba sita hadi nane kwa siku. Na hakuna nyumba utakayoshika spana kabla hujakalishwa. Linakuja zulia, inakuja sahani ya tende, bakuli la maji ya kusuuza vidole, kisha kahawa ya iliki isiyo na chembe ya sukari. Hapo ndipo utaelewa kwamba tende si kitafunio, ndiyo sukari yenyewe. Unang'ata, unakunywa funda, unang'ata tena. Mwezi wa kwanza sikujua kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe. Nilikuwa nakirudisha tu kwa adabu zangu za kiswahili, mzee anajaza. Nilikunywa tisa. Usiku ule sikulala, moyo unapiga kama mashine ya kusaga.

Wiki moja niliamua kuhesabu. Kila kokwa nilitia mfuko wa shati. Jumatatu nilirudi chumbani na kokwa 34, na hiyo ni siku ambayo nyumba mbili hazikuwa na mtu. Sasa ikiwa fundi mgeni anakula 34, mwenye nyumba je, anayeanza alfajiri na kumalizia usiku kila mgeni akiingia? Omani ina mitende zaidi ya milioni 8, na mavuno yanapita tani laki 3 na nusu kwa mwaka. Wagawie watu kama milioni 5, wenyeji na sisi wa kuja: kilo 70 kila kichwa, mtoto mchanga ndani. Zinazouzwa nje ni sehemu ndogo. Kwetu tunasubiri Ramadhani tupate tende ile iliyobandikana kama tofali, unaichokoa kwa kisu, na kilo 70 ni za msikiti mzima.

Halafu hapa ukisema "nataka tende" sokoni wanakutazama kama mtu aliyekwenda Kariakoo akasema nataka mchele, basi. Tende gani? Naghal ndiyo ya kwanza kuiva, na ikitoka watu wanapelekeana vikapu kama habari njema. Inafuata Khunaizi, inafuata Khalas ambayo kila mtu anaapa ya shamba lake ndiyo tamu kupita zote. Fardh nyeusi inakaa mwaka mzima haiharibiki. Khasab inafunga msimu. Ipo na Mabsali, inachemshwa ingali ngumu kwenye masufuria makubwa, inaanikwa juani, nyingi inakwenda India. Na hata ngome yao hapa mjini ina chumba cha tende: sakafu ina mifereji, zamani magunia yalipangwa juu, asali ya tende ikajikamua kwa uzito na kutiririka chini. Adui alipokuja, waliichemsha na kummwagia mlangoni. Nikiliuguza hili jino namwelewa yule adui.

Bibi mmoja wa mtaa wa pili, mzaliwa wa Unguja, kila nikienda kumsafishia kiyoyozi nampa shikamoo naye anaitikia kwa sauti ya Ng'ambo ya Unguja kabisa. Ananiambia, "Mwanangu, sie kule tukingoja kaskazi. Jahazi likitia nanga, tende zimo makandani, watoto tushajaa forodhani." Kisha ananisukumia sahani. Nimkatalie bibi?

Sikatai, na nitasema ukweli: kuna siku tende hizi hunipa heshima ambayo kwetu fundi haioni. Kijana wa nyumba anasimama, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, ananimiminia mimi mwenye shati la gesi na vumbi. Kwetu fundi anaonyeshwa bomba la nje. Ila baba yake alinikata riali 2 kwenye bili dakika ishirini baadaye, tusidanganyane.

Wewe unayenitumia ujumbe kila siku, "kaka nitafutie nafasi", usidhani huku ni bahati ya mtende kuota jangwani. Mtende wenyewe unamwagiliwa kwa zamu za falaji, yaani mfereji wa maji wa pamoja, saa kwa saa. Soma mkataba kabla ya kumpa wakala hata senti, uliza bima inalipia nini, na ziba meno yako kabla hujapanda ndege. Ndiyo, meno. Mimi niliona uzushi.

Mwaka jana mteja mmoja njia ya kwenda mji wa Bahla aliniomba, nikiwa nashuka darini, nimwagie mbuzi ndoo iliyokuwa pembeni. Nikainua kifuniko: tende. Za msimu uliopita, zinapisha mpya, lakini nzima, laini, hazina hata mdudu. Nilisimama nayo pale mbuzi wananisukuma magoti. Nikachukua moja, nikaifuta, nikala. Ilikuwa Fardh.

Desemba nilimpelekea mama kilo tano za aina hiyohiyo. Aliziweka kabatini kwenye kopo la maziwa, akafunga na ufunguo. Ramadhani ilipofika akawagawia majirani, tatu tatu kila nyumba, anahesabu kwa kidole, kisha akanipigia simu kunishukuru hadi salio likakatika. Habari ya mbuzi sijamwambia.