Hita ya Sola kwa Mama, Sahare

Mama yangu ana miaka 74 na baridi yabisi imemkaa magotini, kwa hiyo kipupwe kinapoingia mwezi Juni, upepo wa kusi ukavuma usiku kucha na maji ya simtanki yakaamka baridi, hawezi kuoga bila maji ya moto. Kwa miaka mingi aliyachemsha kwa jiko la mkaa na kuibeba sufuria mwenyewe hadi bafuni, jambo lililonitia hofu kila nilipolifikiria. Nilipopata uwezo wa kumwekea hita niliona ni wajibu nijifunze kwanza, kwani kifaa cha namna hii hununuliwa mara moja na hutunzwa kwa miaka.

Wengi hapa Tanga huanza na hita ya shawa, ile inayopasha maji yakiwa yanapita, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Mimi niliiacha, hasa kwa sababu nyaya za nyumba yetu ni za zamani na hazikuwa na waya wa ardhi, na maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo, ambayo huyafanya yapitishe umeme kwa urahisi zaidi. Sikuwa tayari kumsimamisha mama chini ya kifaa hicho. Tena kuna Luku: hita ya kilowati 5 ikiwaka kwa dakika 10 hula takriban uniti 0.8, na sisi tulio watano tungemaliza uniti 4 kwa kuoga mara moja tu kila mmoja.

Dukani nilishauriwa kununua sola ya mirija ya kioo, ambayo ndani yake kuna ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, linalozuia joto lisitorokee nje. Ni kifaa kizuri, lakini faida ya ombwe huonekana zaidi pale ambapo hewa ya nje ni baridi kupita kiasi kuliko maji, na ningekuwa Lushoto ningeichukua bila kusita. Kwetu pwani, ambako hata Julai mchana huwa na joto, paneli bapa yenye mabomba ya shaba chini ya kioo kimoja inatosha, na ukichunguza minazi inayolizunguka paa la mama utaelewa kwa nini sikutaka mirija myembamba huko juu.

Paneli hiyo haihitaji pampu. Maji yaliyopata joto huwa mepesi na hupanda yenyewe kwenye tangi, nayo ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake, ilimradi tangi liwe juu ya paneli na bomba lipande moja kwa moja bila nundu, kwa sababu hewa ikikaa kwenye nundu mzunguko wote husimama. Fundi wa kwanza aliielekeza paneli baharini, mashariki, kwa kuwa paa lilikuwa limeinamia huko. Maji yalipata joto asubuhi na kufikia jioni yalikuwa vuguvugu. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo Juni na Julai, miezi ambayo mama anayahitaji maji ya moto kuliko yote, jua la adhuhuri linakuwa kaskazini. Anayetaka kuelekeza paneli yake Tanga hahitaji dira: kibla chetu ni kaskazini karibu kabisa, na msikiti wowote ulio jirani utamwonyesha. Tulitengeneza fremu mpya yenye mwinamo wa nyuzi 20, na tofauti ilionekana wiki ile ile.

Wakati wa masika mawingu hukaa siku nzima, na hapo koili ya umeme iliyomo ndani ya tangi hutusaidia. Tangi ni la lita 150, na kulitoa nyuzijoto 25 hadi 55 kwa umeme pekee ni uniti 5 na kidogo, kwa hiyo tunaiwasha alasiri tu, baada ya kuona jua limeshindwa. Themostati nimeiweka kwenye 60, kwa sababu maji ya uvuguvugu yanayolala tangini hukuza bakteria wanaodhuru mapafu. Maji ya joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache, hivyo bafuni tumeweka bomba la kuchanganyia, na mama amezoea kufungua ya baridi kwanza.

Utunzaji ndio uliotugharimu mawazo zaidi. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya chokaa, yale yale ambayo maji yaliyachimba yakafanya Mapango ya Amboni, na chokaa hiyo huja na maji ya kisima na kuganda juu ya koili kama ukoko wa wali. Kila baada ya miezi 6 nazima swichi kuu, nafunga maji yanayoingia, namwaga tangi hadi mashapo yaishe, kisha naichomoa koili na kuiloweka kwenye siki. Kioo nakiosha kwa maji baridi alfajiri, kabla jua halijakichoma, kwa sababu kusi huacha utando wa chumvi unaopunguza mwanga, na kumwagia maji baridi kioo kilichopata moto ni kukitafutia ufa. Bolti za kawaida za fremu zililiwa na kutu ndani ya miaka 2, tukaweka za chuma kisichoshika kutu.

Kitu ambacho sikuelezwa na muuzaji ni fimbo ya magnesi iliyomo ndani ya tangi. Kazi yake ni kuliwa na maji ili chuma cha tangi kisiliwe, na maji yenye chumvi huila haraka. Nilipoifungua mara ya kwanza, mwaka wa pili, nilikuta waya mtupu wa katikati, na ningechelewa zaidi tangi lingeanza kutoboka. Fimbo ya sasa niliikagua mwezi uliopita kabla ya kusi kuanza. Imebaki zaidi ya nusu, nikairudisha.