Kabla ya kulipa faini, uliza namba ya tangazo

Soko la Mwanga, mjini Kigoma, jioni: mihogo ya kuchoma, karanga, migebuka kwenye mabeseni, taa ndogo za sola. Gari la mgambo likisimama, mabeseni yanapakiwa na wenye mali wanaambiwa wamevunja sheria. Ipi? Wachache huuliza, na jibu lake liko kwenye karatasi.

Sheria ndogo hupitishwa na madiwani chini ya sheria za serikali za mitaa za 1982, waziri akaidhinisha, kisha ikachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya tangazo. Wengi huiita GN. Bila namba hiyo ulichotangaziwa ni agizo tu, na agizo, hata lipigiwe kipaza sauti mtaa mzima, halizai faini. Basi mwandikie mkurugenzi wa halmashauri: tarehe, mahali, kosa unalodaiwa, halafu “Naomba nakala ya sheria ndogo husika na namba ya Tangazo la Serikali.” Toa nakala mbili, yako igongwe muhuri masjala. Bila muhuri, watasema barua haikufika.

Papo hapo, angalia unachosaini. Karatasi ya kufifilisha kosa, yaani kulimaliza kwa faini bila kwenda mahakamani, si risiti. Ni kukiri kwamba umetenda. Ukikataa kukiri, shauri linatakiwa kwenda mahakamani, na huko ndiko namba ya GN itakapotafutwa. Ukikubali kulipa, lipa kwa kontroo namba. Mali iliyochukuliwa iorodheshwe kwa hesabu: beseni 1, migebuka 40, mizani 1. “Vitu mbalimbali” haidaiki.

Lakini pa kupigania hasa ni kwenye rasimu, kabla haijapita. Kosa la kawaida ni kukusanya saini mia tatu za “hatutaki” baada ya baraza kumaliza. Baraza hukaa kila miezi mitatu na rasimu huanzia kwenye kamati zake, kwa hiyo mshike diwani wako kabla ya kamati, ukiwa na maneno mbadala mkononi. Chukua kifungu cha namna hii: “Mtu yeyote haruhusiwi kufanya biashara eneo lolote lisiloruhusiwa.” Ubaya wake uko kwenye “lolote”. Nani aliyeruhusu, lini, na mpaka uko wapi? Kifungu hakisemi, kwa hiyo mgambo ndiye anayeamua, leo hivi na kesho vile. Nendeni na futi mkapime, kisha pendekezeni: “Meza isizidi upana wa mita 1, iache mita 1.5 za waenda kwa miguu, iondolewe saa 4 usiku.” Hicho hata mtoto anaweza kukikagua. Na tuseme ukweli, kanuni nyingine zinafaa: hakuna anayetaka dagaa wa mwalo wa Kibirizi waanikwe juu ya mtaro wa maji machafu.

Ulizeni pia barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya wakala wa TANROADS, za mitaani chini ya wakala wa TARURA. Kuna watu wameandikia manispaa miezi kadhaa kumbe hifadhi ya barabara iko mikononi mwa wengine.

Kijana anayekamatwa kwa “uzururaji” ni suala jingine. Hapo hakuna sheria ndogo, bali vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, vilivyorithiwa kutoka ukoloni. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za aina hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Ni maoni ya ushauri, hayavifuti vifungu vyetu, ila wakili anayatumia.

Mkifika Mahakama Kuu, zipo hesabu mbili tofauti za muda. Kuishtaki halmashauri kwa madai kunahitaji notisi ya siku 90. Kuomba kibali ili mahakama ipitie uamuzi wenyewe kuna ukomo wa miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Ukikaa kusubiri majibu ya barua, miezi hiyo inaendelea kuhesabika.